Ngozi hadi Matema kwa siku mbili: mzunguko wa maji wa Rungwe, na unachopaswa kudai kabla ya kulipa

Waongoza watalii wa Mbeya na Tukuyu huuza safari ya siku mbili ambayo jina lake hubadilika kwa kila muuzaji, ila vituo ni vilevile. Siku ya kwanza ni Ziwa Ngozi asubuhi, kisha Daraja la Mungu na Kijungu kwenye Mto Kiwira, na kulala Tukuyu. Siku ya pili ni Ziwa Masoko, ambalo wenyeji wanaliita Kisiba, halafu kuteremka kupitia Ipinda hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Inatangazwa kuwa safari ya mandhari na historia ya Wajerumani. Mandhari utayapata yote. Historia utaipata nusu, na hiyo nusu inayoachwa ndiyo yenye uzito.

Kasoro kubwa iko kwenye mwelekeo. Mzunguko unatoka juu kwenda chini, ilhali Wajerumani waliingia Unyakyusa kutoka chini kwenda juu, kutoka ziwani. Linganisha na Iringa. Kule walikuja kwa nchi kavu kutoka pwani, na tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski kikavunjwa na Wahehe pale Lugalo, naye Zelewski akauawa. Ngome ya Mkwawa ya Kalenga haikuanguka hadi tarehe 30 Oktoba 1894. Lakini mwaka huohuo wa 1891 wamisionari wa Moravian walikuwa wameshaanza kujenga Rungwe, na wenzao wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky walikuwa wameingia Unyakyusa. Hawakuhitaji kukatiza nchi nzima kwa miguu. Walipanda Zambezi, wakaingia Mto Shire, mizigo ikabebwa kichwani kupita sehemu yenye maporomoko, kisha wakasafiri urefu wote wa ziwa hadi ncha yake ya kaskazini.

Meli ya mvuke ya Hermann von Wissmann ilipita njia hiyohiyo ikiwa vipande vipande. Iliunganishwa kusini mwa ziwa na kushushwa majini mwaka 1893. Kituo cha kwanza cha serikali ya Kijerumani upande huu, Langenburg, kiliwekwa ufukweni pale Lumbila, upande wa Ludewa wa leo, chini kabisa ya milima ya Livingstone, kwa sababu meli ndiyo iliyokuwa barabara. Karibu mwaka 1900 makao yakahamishiwa juu Tukuyu, yakaitwa Langenburg Mpya. Ufukweni kulikuwa na joto, homa na ardhi finyu kati ya mlima na maji. Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa, kuna baridi na mvua ya kutosha kulima karibu mwaka mzima.

Haya mwongozaji anaweza kuyaeleza kwa dakika kumi akiwa amesimama mahali panapofaa. Asipoyaeleza, umelipia gari na matope.

Tuanze na Ngozi, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Njia ya kawaida inaachana na lami ya Mbeya–Tukuyu pale Mchangani. Kutoka hapo hadi mwanzo wa kupanda ni kama kilomita 7 za barabara ya vumbi, ambayo masika inageuka tope jeusi la majivu ya volkano. Kiangazi gari dogo linafika kwa shida. Mvua ikinyesha, ni gari la 4x4 au bodaboda, na bodaboda yenyewe itakushusha kwenye miteremko utembee. Kupanda kunachukua saa moja hivi kwa mtu wa kawaida, ndani ya msitu wa mianzi na migomba mwitu, na sehemu ya mwisho imesimama kiasi kwamba utashika mizizi. Ukingo wa juu uko mita 2,620. Ziwa liko chini yako kwa mamia ya mita, lina urefu wa karibu kilomita 2.5, na kuta zake zimefunikwa na msitu hadi majini.

Kinachoharibu safari ya Ngozi mara nyingi ni saa. Muuzaji anayekuahidi kuondoka Mbeya saa tatu asubuhi anakuuzia ukungu. Asubuhi na mapema ukingo huwa wazi. Jua likipanda, unyevu wa msituni unapanda nao, na kufikia saa tano au sita unaweza kusimama juu ya ziwa zima usilione. Dai kuondoka Mbeya saa kumi na moja alfajiri, uwe ukingoni kabla ya saa tatu. Vaa buti zenye meno, suruali ndefu (kuna mimea inayowasha pembeni mwa njia), na sweta, hata kama mjini kulikuwa na joto. Fimbo ya mwanzi inasaidia zaidi kushuka kuliko kupanda.

Wengine watakushawishi mteremke hadi majini kwa malipo ya ziada. Kama udongo ni mkavu na mwongozaji ana kamba, inawezekana kwa mtu mwenye nguvu za miguu. Kama mvua imenyesha usiku, kataa. Ukuta ule ni tope juu ya mwamba, na ukiteleza hakuna cha kukuzuia ila miti. Vilevile, eneo lote la Rungwe linatoa gesi ya kaboni dayoksaidi kutoka ardhini. Hapahapa wilayani gesi hiyo inavunwa kwa matumizi ya viwandani. Ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo, na haina harufu. Usilale wala kukaa muda mrefu kwenye shimo lolote lililo chini ya usawa wa njia, na ukiona wadudu au ndege wamekufa mahali pamoja, ondoka hapo mara moja.

Juu ya ukingo ndipo mwongozaji atakapokuambia habari ya hazina: Wajerumani walipokimbia waliitupa ziwani. Ni hadithi inayopendwa na haina budi kusimuliwa kama hadithi. Wengi wanaiuza kama tukio la kihistoria, na hapo ndipo tunapowanyima alama. Tazama tu ukuta ule, fikiria masanduku yakibebwa kuuvuka wakati adui yuko nyuma, na utaona kwamba haiingii akilini. Swali zuri la kuuliza pale ni jingine: maji haya yanaenda wapi? Hakuna mto unaotoka Ngozi, na mvua ya kule ni nyingi, lakini ziwa halifuriki. Maji yanapenya ndani ya mwamba. Mwongozaji aliyeelewa jambo hilo ataweza pia kukueleza chemchemi na vijito vinavyokusindikiza njia nzima hadi Kyela.

Na mvua yenyewe inatoka wapi? Upepo wa kusini-mashariki unapita juu ya Ziwa Nyasa ukibeba unyevu, unabanwa kati ya milima, na unapokutana na Livingstone, Rungwe na Poroto unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Ndiyo maana Tukuyu na maeneo yanayoizunguka hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikioti. Chai ilijaribiwa Rungwe na walowezi wa Kijerumani mwaka 1904, baada ya majaribio ya Amani kule Usambara. Mashamba unayoyaona kandokando ya lami yanafuata ramani ya mvua hiyo, na mwongozaji mzuri husimamisha gari hapo bila kuombwa.

Daraja la Mungu na Kijungu havichukui muda. Daraja ni upinde wa mwamba wa lava unaokatiza Kiwira. Mto ulitafuna chini, paa likabaki. Kijungu ni pale mto huohuo unapojibana kwenye mwamba, unazama na kuchemka kama chungu. Kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo beba kitambulisho, mwombe mwongozaji apige simu mapema, na usitoe kamera mpaka askari wa langoni akuruhusu. Usisimame kwenye miamba iliyolowa karibu na mdomo. Mwamba wa lava ukiwa na ukoga ni utelezi mtupu, na anayeanguka pale hatoki.

Masoko ndiyo sababu ya kununua safari hii. Watu wengi wanapitishwa kwa dakika ishirini wakielekea Matema, picha tatu, basi. Ni dhuluma. Dai saa mbili.

Ziwa lenyewe ni dogo: halifiki nusu kilomita ya mraba, kina cha juu mita 36, nalo liko kwenye mwinuko wa mita 840 hivi, katikati ya Tukuyu na uwanda wa Kyela. Halina mto unaoingia wala unaotoka. Ni shimo la mlipuko wa volkano lililojaa mvua na maji ya ardhini, na kingo zake zinashuka ghafla; asiyejua kuogelea asiingie hata hatua tatu. Ndani yake kuna samaki wa jamii ya sato wadogo ambao wanasayansi waliwachunguza na kuandika habari zake mwaka 2015: wa rangi ya njano wanakaa kwenye maji mafupi karibu na kingo, wa rangi ya buluu wanakaa kilindini, na wanaelekea kutengana kuwa aina mbili ndani ya ziwa ambalo unalizunguka kwa miguu. Hakuna kibao hata kimoja kinachosema hivyo. Halmashauri ikiweka kibao kimoja tu pale, iweke hicho.

Juu ya ziwa lilisimama jeshi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kombania ya 5 ya jeshi la wakoloni wa Kijerumani ilikuwa na makao yake Masoko. Jengo la mawe la enzi hiyo bado lipo na limetumika kama mahakama ya mwanzo. Angalia jinsi lilivyokaa: maji ya kunywa yako hatua chache chini na hayakauki, nyuma ni njia ya kupanda Tukuyu, mbele ni mteremko wa kwenda ziwani. Kikosi kilichokaa hapa kilishika katikati ya ngazi. Kwa jengo hilo, jisalimishe kwanza ofisini, eleza shida yako kwa adabu, na usipige picha ndani wala kuwapiga picha watu waliokuja kwenye kesi zao.

Hadithi ya hazina ipo hapa pia, nayo hapa inashika zaidi kwa sababu jeshi lilikuwepo kweli. Wenyeji husimulia sarafu zinazookotwa ukingoni, na wakati mwingine mtu atakuletea moja mkononi. Ijue kabla ya kushangilia. Heller, sarafu ndogo ya koloni la Wajerumani, ilianza kutolewa mwaka 1904, 100 kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64. Heller 1 ni ya shaba, ndogo, ina taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na upande wa pili thamani yake ndani ya shada la majani. Ya 10 ina tundu katikati na ni ya rangi ya fedha. Ukiona ya 20 ya mwaka 1916, iliyopigwa kwa haraka, kingo zake hazikunyooka na herufi T iko chini ya mwaka, hiyo ilitengenezwa Tabora wakati wa vita, koloni lilipokuwa limekatwa na bahari. Iliyokaa majini miaka mingi huwa imeliwa, kijani au nyeusi hadi kwenye mikunjo ya herufi. Inayong'aa kwenye herufi na kuwa chafu pembeni imepakwa tope jana. Na hata ikiwa halali, usinunue. Heller 1 zilitengenezwa kwa mamilioni na hazina bei kubwa popote, ila kila inayonunuliwa pale inamtuma kijana mwingine kuchimba ukingo, na ukingo ukichimbwa hata mahali ilipolala sarafu, ambapo pangetufundisha kitu, panapotea.

Kutoka Masoko kwenda Ipinda barabara inateremka, migomba inapungua, mpunga unaanza, na unavuka mito iliyoanzia kule juu. Kati ya Machi na Mei mito hii hujaza uwanda wa Kyela. Muulize dereva kama amepita wiki hiyo. Neno "inapitika" lisilo na siku halitoshi. Kama maji yamevuka barabara na hujui kina, subiri gari kubwa litangulie au rudi. Injini ya Noah ikivuta maji kupitia chujio la hewa imekufa, na safari yako imekufa nayo.

Matema ni pazuri bila ubishi: mchanga, maji safi, na milima ya Livingstone ikisimama kama ukuta upande wa mashariki. Kwa historia, hapa ndipo mwongozaji angepaswa kukusimamisha na kukuonyesha kusini. Tarehe 13 Agosti 1914, mbali huko chini pale Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo. Manowari ya Waingereza, Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaishambulia na kuilemaza. Nahodha Berndt alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Kuanzia siku hiyo ziwa likawa mikononi mwa Waingereza, na kituo kilichojengwa kwa kutegemea meli kikabaki bila meli. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilipovuka mpaka kutoka kusini-magharibi, Langenburg Mpya ilichukuliwa kabla mwezi haujaisha. Ukiyasikia haya ukiwa umesimama Matema, Masoko inaeleweka na Tukuyu inaeleweka.

Wapo wanaotoa boti ya kwenda Lumbila au Ikombe. Ikombe inafaa zaidi kwa muda ulio nao. Ndiko vinakotoka vyungu vya Wakisi, kabila la ufukweni huku, vinavyofinyangwa na wanawake na kuuzwa kwenye soko la Lyulilo siku ya Jumamosi, mwendo mfupi kutoka Matema. Gonga chungu kwa kucha kabla ya kulipa: kinacholia kimeiva, kinachotoa sauti butu kina ufa au hakikuchomwa vya kutosha. Kama ni boti, ondoka alfajiri. Upepo wa kusini-mashariki ukishika mchana, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi ya ziwa hili yanapindua mtumbwi. Vaa boya ukiwa bado nchi kavu, funga kamba zake zote, inua mikono na mtu alivute juu mabegani. Likipita masikio, ni kubwa kwako, omba jingine. Boti isiyo na boya kwa kila kichwa usiipande.

Kuoga ni ufukwe ulio wazi pekee. Midomo ya mito na matete vina mamba, na maji yaliyotulia yenye majani yana konokono wa kichocho. Aliyeoga sehemu yenye shaka apime baada ya wiki 6 hadi 8, si kesho yake, kwa maana vipimo vya mapema havionyeshi. Chakula hakisumbui: wali wa Kyela, mbasa akipatikana, usipa wakikosekana wengine, na kule juu ndizi za mbalaga na parachichi.

Kuhusu huduma yenyewe, kinachopungua ni muda na maelezo. Siku mbili ni chache. Tatu ndizo zinazotosha, na kwa maoni yetu zigeuzwe: lala Matema Ijumaa, Jumamosi asubuhi soko la Lyulilo na ufukwe, mchana upande Masoko na kulala Tukuyu, Jumapili alfajiri Ngozi, jioni Mbeya. Unapata soko, unapata Ngozi bila ukungu, na unapanda njia waliyopanda Wajerumani. Waongozaji kadhaa wanakubali mpangilio huo bila kuongeza bei ya gari, ukiwaeleza mapema, kwa sababu umbali ni uleule.

Kabla ya kulipa, taka bei iliyochambuliwa: gari na mafuta, mwongozaji, ada za msitu, malazi, boti. Ada ya msitu wa Ngozi ni ya serikali na hulipwa kwa kumbukumbu namba, si mkononi. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, hivyo kundi lenye mchanganyiko lihesabiwe kichwa kwa kichwa. Dai risiti. Muulize mwongozaji maswali mawili kwa simu: Wajerumani walifikaje Masoko, na tutakuwa ukingoni Ngozi saa ngapi. Anayejibu la kwanza kwa habari ya dhahabu tu, na la pili kwa "tutaona", mshukuru, umwambie ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), utafute mwingine.

Malipo ya awali yasizidi gharama ya gari la siku ya kwanza, na mkubaliane kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, kwamba mvua ikifunga Ngozi mnasogeza siku au mnaibadilisha na Masoko ya muda mrefu, pasipo kupoteza ada.